Nilivyowahi Ukweni kwa Mwanangu

Leo nimepatikana, jamani. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Shabani muuza mitumba, maana Shabani akishalishika jambo hapa Tukuyu, likifika Mbeya limeota mkia na pembe. Ninyi wenzangu tuliofungiwa geti siku moja pale ghala la chama cha ushirika, msikieni mwenye aibu yake kwanza.

Tena nitataja majina. Simwogopi mtu. Walipotupunguza kazini nilikaa kimya nikijifanya muungwana, nikapata nini? Mkono wa bwana meneja, na mkono wenyewe umelowa jasho. Leo sinyamazi.

Kwanza mjue siku hizi nakula wapi. Nachuuza ndizi. Asubuhi natoka hapa juu na baiskeli, nateremka bila mzigo mpaka vijiji vya Mpuguso, nanunua mikungu, halafu naipandisha mjini nikisukuma kwa mikono. Kushuka raha, kupanda adhabu. Na mvua yetu mnaijua, haina siku ya mapumziko. Kwa hiyo navaa kabuti. Aliniuzia Shabani (huyo huyo), limetoka kwenye robota la mitumba ya Ulaya. Aliyelivaa kwanza lazima alikuwa mtu wa miraba minne, kwa sababu mimi na mke wangu tunaingia humo wote wawili na nafasi ya mgeni inabaki. Nikishuka nalo vifungo wazi, linavimba nyuma kama mgongo wa fahali. Watu wa njiani hunipigia makofi. Shabani, ambaye babu zake walitoka pwani, aliniambia siku ya kwanza, "Baba Ipyana, hilo si koti tena, hilo ni tanga!"

Nikacheka. Sikujua kama ananipa elimu ya bure.

Mwaka mzima nimeshuka mteremko ule bila wasiwasi, nikidhani nina breki nzuri. Raba za breki alinifungia fundi Ambakisye wa pale karibu na stendi. Alizitoa kwenye karatasi kwa heshima kama mchungaji anayetoa mkate wa meza ya Bwana. "Hizi zimetoka nje, mzee. Soko huria hili, kila kitu kinaingia." Kweli kimeingia. Leo jioni nimezikwangua kwa kisu. Ni ndala. Ndala za bluu zilizochongwa zikapakwa rangi nyeusi. Ambakisye, kama kuna mtu anakusomea haya, mwambie asome polepole.

Sasa kisa chenyewe. Mwanangu Ipyana amempata binti, jina lake Tumpe, mtoto wa Mzee Gwandumi wa Mpuguso. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mimi baba kwenda kuonana na Mzee Gwandumi, tukubaliane. Akikubali yeye, kuna harusi. Akikataa, mwanangu anarudi kulala kifudifudi kama alivyolala mwezi mzima akingoja majibu.

Na kwetu Wanyakyusa (waliokulia mjini nawakumbusha) baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Akisikia naja, anaingia migombani, anajifunika nguo kichwani mpaka nipite. Hatusalimiani, hatushikani mkono, jina langu halitaji. Wala hilo haliingoji harusi, linaanza na posa. Wako waliolegeza siku hizi. Mzee Gwandumi hajalegeza hata uzi. Kijana wa kwanza aliyemposa Tumpe alikataliwa kwa sababu baba yake, akiwa ameketi barazani, alichungulia jikoni akiomba maji ya kunywa. Alichungulia tu!

Kwa hiyo mshenga wetu, Asajile, alinipanga vizuri. "Baba Ipyana, tukutane njia panda ya kanisa saa nne. Usipite peke yako. Tutashuka wote kwa miguu, taratibu, kama watu wazima. Mimi natangulia nikikohoa. Kikohozi changu ndiyo hodi. Binti akikisikia anajificha, wewe unaingia, mambo safi."

Mpango mzuri. Mpango wa mtu mwenye breki.

Asubuhi nikachukua kabuti langu. Mama Ipyana akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na hilo dubwasha?"

"Manyunyu yale."

"Kwa wakwe huendi na blanketi lenye mikono. Watasema mwanetu ametoka kwenye nyumba ya walinzi wa usiku."

Akalinyang'anya, akalifungia kwenye sanduku, ufunguo akautia kifuani. Nikaletewa suti. Suti ya nani? Ya Shabani, na yeye mwenyewe alikuwa amekuja kuileta ili shughuli isimpite. Ni suti ya mtu mwembamba, pengine marehemu. Nilipofunga kifungo cha tatu nikajisikia nimetiwa kwenye mrija.

"Imekushika!" Shabani akapiga makofi. "Hakuna hata ncha inayopepea. Unateleza kama kambale."

"Napumulia wapi?"

"Utapumua ukirudi," mke wangu akasema, akanipa mwavuli na viatu vya ngozi vya soli laini kama kipande cha sabuni. Katambuga zangu za tairi zikabaki chini ya kitanda.

Nikapanda baiskeli. Nikaaga. Nikaanza kushuka.

Mwanzoni, sitaficha, nilifurahi. Siku zote nikianza mteremko nasikia kabuti nyuma, pata-pata-pata, na kitu kinanivuta mabega. Leo kimya. Baiskeli inakwenda yenyewe kama imeitwa. Nikajisemea, kumbe bado kijana! Tai ikaanza kunipiga usoni. Nikainama juu ya usukani niilinde, kifua kikagusa chuma. Ndipo nikakoleza mwendo kabisa.

Mimi la nne sikulimaliza, lakini leo nimesoma. Hewa tunaiona bure kwa sababu haionekani. Ukitembea, huisikii. Ukikimbia, inakuwekea kiganja kifuani. Ukizidisha, inaleta na ndugu zake. Hewa ni maji mepesi, jamani. Anayeipita amejitanua, inamshika. Anayeipita amebanwa kwenye suti ya marehemu, huku ameinama kama kambale, inampisha njia na kumwambia pita, baba, usichelewe.

Nikabana breki. Zikalia kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Kisha zikalala tena.

Nikabana kwa mikono yote miwili. Hakuna kitu.

Nikashusha mguu nikwaruze chini kama tufanyavyo sote. Soli ya ngozi juu ya udongo wa mvua! Mguu ukateleza mbele, mwingine ukabaki nyuma, na katikati suruali ya marehemu ikasema neno moja refu. Upepo ukaingia. (Huo ndio upepo pekee nilioupata leo, na uliingia mahali pasipo na faida.)

Mbele yangu pikapu la majani ya chai. Nikalipita. Nawaambia nililipita, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, wanakufukuza?"

"Breki!"

"Hongera!" akajibu. Sijui alisikia nini.

Akina mama waliokuwa wamejitwisha ndizi wakaruka mferejini. Mmoja akapiga kelele, "Baba Ipyana, mahari haikimbiliwi hivyo!" Maana habari ya posa ilikuwa imetangulia, kama ilivyo kawaida yetu.

Nikakumbuka mwavuli. Nikauchomoa kwapani, nikaufungua kwa mkono mmoja. Jamani! Ulivyofunguka tu, kitu kikanishika kama askari aliyemkamata mtu kola. Baiskeli ikapunguza. Kweli ikapunguza! Na pale pale, mkono unataka kung'oka begani, nikaelewa jambo ambalo sikulielewa mwaka mzima. Sikuwahi kuwa na breki. Breki yangu ilikuwa kabuti, na breki hiyo muda huo ilikuwa kwenye sanduku, ufunguo umo kifuani kwa Mama Ipyana.

Elimu hiyo ilidumu pumzi moja. Mwavuli ukageuka nje ndani, ukawa kikombe, kitambaa kikaruka kwenye mashamba ya watu. Nikabaki nimeshika fimbo. Naishika kwa heshima, juu, kama mwenye bendera.

Hivyo ndivyo alivyoniona Asajile pale njia panda ya kanisa. Alikuwa amesimama na koti lake jeusi, mikono nyuma, anatazama saa. Mimi nikatokea.

"Simama hapo hapo, Baba Ipyana!"

"Siwezi!"

"Huwezi nini? Saa nne bado!"

"Kohoa, Asajile! Kohoa!"

Masikini, alikohoa. Nasikia alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Lakini alikohoa kanisani na mimi tayari nimekunja kwa Gwandumi, kwenye kijia kinachoshuka katikati ya migomba, majani yananichapa kushoto na kulia kama mwizi.

Mkumbuke kwamba mtu aliyewahi hakaribishwi na waliojiandaa. Kule hawakuwa tayari. Walikuwa wanamalizia kukandika ukuta wa mwisho ili mgeni (mimi) akute nyumba inang'aa. Pembeni ya ua walikuwa wamechimba shimo, wametia maji, wamekanyaga udongo mpaka ukawa mzito kama uji wa mwali. Bibi mmoja amekaa kwenye kigoda anaelekeza. Msichana mmoja amesimama kando, mikono ina tope mpaka kwenye viwiko.

Gurudumu la mbele likaingia shimoni. Mimi nikalifuata kwa kichwa.

Nilitegemea kuvunjika. Sikuvunjika. Lile tope halikunipiga, lilinipokea. Maji yangenipiga kofi, ardhi ingenivunja. Tope lilinishika taratibu, kuanzia uso, kifua, tumbo, kama linalosema, tulia, mzee, umefika. Kazi iliyomshinda Ambakisye, tope likaifanya mara moja.

Nikainuka. Au niseme nilijaribu kuinuka. Nimezama mpaka mapajani, sina uso, sina suti, mimi ni udongo mtupu wenye macho mawili.

"Yesu wangu! Tata, umeumia?" Yule msichana akaja mbio, akiniita tata, yaani baba.

Nami binti wa Gwandumi sijamwona maisha yangu yote, ndiyo mila yenyewe. Nikajipa moyo, huyu atakuwa mpwa, atakuwa jirani, Tanzania ni kubwa. Akaingia shimoni, akanishika mkono, akavuta. Sikutoka.

Ndipo yule bibi akapaza sauti kutoka kwenye kigoda. "Mkono utamng'oa, Tumpe! Mshike kiuno!"

Tumpe.

Akanishika kiuno.

Ndugu zangu, nimewahi kufukuzwa kazi. Nimewahi kusimamishwa kanisani kwa ajili ya pombe. Sijawahi kutamani kufa kama leo, nimekumbatiwa na mke wa mwanangu mchana kweupe, suruali imepasuka nyuma, na mkononi nina fimbo ya mwavuli. Nikajitupa nijinasue. Nikavuta mguu kwa nguvu zangu zote. Tope likakaza! Nikavuta zaidi, likakaza zaidi, likafanya mlio ambao sitauandika. Kadiri nilivyomkimbia mkwe ndivyo lilivyonirudisha mikononi mwake.

"Usipigane nalo, tata," akasema kwa upole kama anayembembeleza ndama. "Ukilivuta kwa hasira linakushika. Taratibu. Mguu mmoja, taratibu. Tumuite nani, tata? Umetoka wapi?"

Nifungue mdomo niseme nini? Nikitaja jina, nimemaliza harusi. Nikidanganya, nitaingiaje saa nne na suti gani? Nikaguna. "Mm."

"Ni bubu," bibi akasema. "Masikini. Tena amepasuka nguo, mgeuze upande asipate baridi."

Mzee Gwandumi akatoka ndani akiwa anafunga tai. Hajakaa sawa, kikohozi kikaanza kusikika migombani, kho, kho, kho, na Asajile akatokea ameshika mbavu.

"Hodi! Kho! Baba mkwe... anakuja... Kho! Binti ajifiche!"

"Yuko wapi?" Gwandumi akauliza, akiangalia kijia.

Asajile akaangalia kijia. Akaangalia baiskeli inayochungulia shimoni, gurudumu la nyuma limetazama juu. Akaniangalia mimi. Akaangalia kiuno changu na mikono iliyokuwa pale. Alinyoosha kidole tu.

Tumpe akapiga yowe ambalo limesikika mpaka Tukuyu, akaniachia. Nikarudi chini chali. Nilipotoa kichwa, majani ya migomba yalikuwa yanatikisika na yeye hayupo.



"Asajile," Gwandumi akasema, sauti ndogo, "binti yangu amekumbatia kiuno cha baba mkwe wake uani kwangu."

"Ni ajali, mzee."

"Yule wa kwanza alichungulia tu jikoni."

Hapo nikamwona Ipyana wangu akilini, amelala kifudifudi. Kijana hana shamba la kujivunia, hana kazi ya serikali, baba yake ni mchuuzi wa ndizi aliyetupwa na ushirika. Kitu kimoja alichokuwa nacho ni kwamba Tumpe anamtaka. Nami nimekuja kukikanyaga kwa kasi.

Nikasema kutoka shimoni, nikitazama chini nisimwone mtu. "Mzee Gwandumi. Nitoze mimi. Nitukane mimi. Aibu hii ni ya kwangu na ya fundi Ambakisye. Isimfikie mtoto."

Gwandumi akamgeukia bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi. Nikaona amenuna kama mtu anayetaka ruhusa ya kukataa.

Bibi akainuka kwenye kigoda. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Gwandumi, aliyesema 'mshike kiuno' ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Utanitoza ng'ombe?"

Gwandumi akaivuta tai yake.

"Mimi nilikuwa hapa, sikuwa ndani nafunga tai. Nimeona tope lenye miguu." Akapaza sauti kuelekea migombani. "Tumpe! Umeuona uso wa mtu?"

"Sijauona, bibi!" Sauti ikatoka majanini.

"Umegusa ngozi ya mtu?"

"Nimegusa tope!"

"Basi. Tope tumelikanyaga wenyewe tangu asubuhi, si mkwe wa mtu. Baba yake Ipyana bado hajafika hapa. Sasa Gwandumi, kijana wao amekubaliwa?"

Asajile akamtazama Gwandumi. Gwandumi akatazama mbinguni, kisha ukuta wake mpya, kisha akahema.

"Amekubaliwa," akasema. "Lakini huyo aondoke kama alivyo. Asioshwe hapa hata kidole. Tone la maji likimgusa uani kwangu, uso utaonekana, na uso ukionekana, ameonekana."

"Ndaga fijo, mzee," nikasema. Asante sana, kwa lugha yetu.

"Tope haliongei," bibi akanikaripia.

Wakageuka wote, wakatazama ukutani. Gwandumi, mama yake, hata Asajile mshenga wangu. Nikatoka shimoni taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine, kama alivyonifundisha (nimesahau nani). Nikaopoa baiskeli. Na hapo, ndugu zangu, manyunyu yakaanza.

Mmewahi kumwona mtu wa makamo anapandisha mlima mbio, anasukuma baiskeli iliyopinda, mikono miwili ameiweka juu ya uso wake mwenyewe kulizuia tope lisidondoke? Basi mmeniona. Baiskeli naisukuma kwa tumbo. Mchirizi wa kwanza ulifika kwenye nyusi wakati naikaribia njia panda. Nilijipaka tope jipya la mferejini, kwa mkono wangu, nikazidi kwenda.

Mvua ikakatika (siku inapokuwa na faida, inakatika), jua likatoka, na nikaingia Tukuyu nimekauka. Leo ni siku ya soko. Nilipopita, wauza ndizi walinyamaza mmoja mmoja. Shabani akatoka kwenye meza yake ya mitumba, akanizunguka.

"Huyu nani kaja na kiwanja chake?"

Tope haliongei. Ila kifungo cha suti kilikuwa kimejitokeza tumboni, akakitambua. Tangu saa ile hajauza hata soksi, anasimulia.

Nyumbani Mama Ipyana alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake Ipyana, hajala tangu jana.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

Mwanangu akakaa chini pale pale kizingitini, akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanacheza. Mama yake akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Na wewe wamekuonaje?"

"Hawajaniona."

Basi, wenzangu, hivyo ndivyo ilivyo. Anayetaka kucheka namwomba avumilie mpaka siku ya harusi. Siku hiyo ndipo nitakapofika kwa Mzee Gwandumi kwa mara ya kwanza.